Bronzi kwenye visu vya kufua kwa mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kibanda changu cha kufulia visu kiko Jang'ombe, Unguja, na visu vinavyotoka humo huenda kwa wavuvi, wachinjaji, mama lishe na wapishi wa shughuli. Tangu nilipoacha shaba ya njano nikaanza kufunga manoleo na pini za bronzi, hazipiti siku mbili sijaulizwa. Wengine ni mafundi wenzangu, wengine ni wenye visu. Maswali yanajirudia, kwa hiyo nimeyaweka pamoja na majibu yake.

Noleo ni nini, na msuka ni nini?

Vijana wengi wanaokuja kibandani hawayajui maneno haya, na ni maneno yetu wenyewe. Noleo ni ile pete au kipande cha chuma kinachokaa mdomoni mwa mpini, pale ubapa unapoingia. Msuka ni mkia wa kisu unaozama ndani ya mpini. Nikisema "bega", nakusudia pale ubapa unapokatika na msuka unapoanza. Kiungo cha noleo na bega ndicho nitakachokizungumzia zaidi, maana kisu cha pwani hufia hapo.

Bronzi si ndiyo shaba tu?

Neno shaba tumelibebesha mzigo mkubwa. Waya wa umeme tunauita shaba, mdila wa kahawa tunauita shaba, misumari ya milango ya Mji Mkongwe ni shaba, na mwanariadha akishika nafasi ya tatu anavishwa medali ya shaba. Hizo ni metali tatu mbalimbali. Waya ni shaba tupu, nyekundu. Mdila na misumari ya milango ni shaba iliyotiwa zinki, ndiyo hiyo shaba ya njano. Medali ni bronzi, yaani shaba iliyotiwa bati, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 12.

Na bati hapa si bati la kuezekea. La paani ni chuma kilichopakwa zinki, limebaki na jina tu. Bati lenyewe ni metali laini, nyeupe, inayoyeyuka kwa nyuzi 232 tu, na ndiyo iliyomo kwenye lehemu.

Ukitaka kuishika bronzi mkononi leo, tafuta kwenye kopo la vitu vya zamani la bibi. Ile senti tano ya Tanzania iliyotoka mwaka 1966, yenye pembe kumi na mbili na picha ya samaki, ni bronzi. Senti kumi za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, nyingi nazo ni bronzi. Itazame rangi yake: hudhurungi iliyotulia, haina ile njano ya kupiga kelele.

Shaba ya njano iko tele na hukatika kwa urahisi. Kwa nini nihangaike na bronzi?

Kwa sababu ya bahari. Kwetu hakuna kisu kinachoishi mbali na chumvi. Hata cha jikoni, ambacho hakijawahi kuguswa na maji ya pwani, upepo unakifuata dirishani.

Shaba ya njano ya kawaida ina zinki asilimia 30 hadi 40. Zinki ikizidi kama asilimia 15, maji ya chumvi huanza kuichomoa taratibu, na kinachobaki ni shaba tupu yenye vitundu vidogo vidogo, haina nguvu. Ninayo pini niliyoitoa kwenye kisu cha kupasulia pweza kilichofanya kazi Malindi. Nje imepata wekundu kidogo tu, mtu angeona ni uzee. Nilipoikata kwa msumeno, katikati ilikuwa njano bado, lakini ukingo wote umekuwa wa waridi, na ule ukingo ulikwanguka kwa ncha ya msumari kama plasta mbovu. Pini ya milimita 5 ilikuwa imebakiwa na milimita 3 za kazi.

Bronzi ya bati haina cha kuchomolewa hivyo. Inapata rangi, inazeeka, lakini mwili wake unabaki.

Nisikiapo "bronzi ya fosforasi", "bronzi ya silikoni", nichague ipi?

Kwa pini na noleo, mimi nachukua bronzi ya fosforasi yenye bati kama asilimia 5. Fosforasi yenyewe ni chembe tu, haifiki hata nusu ya asilimia moja, lakini inaisafisha metali wakati wa kuyeyushwa na kuipa ugumu. Inafulika baridi, na inang'aa kwa wekundu mzuri unaoendana na mti mweusi.

Bronzi ya silikoni haina bati kabisa. Ni shaba na silikoni kama asilimia 3. Watu wa boti wanaipenda kwa skrubu na misumari kwa sababu inastahimili bahari vizuri sana. Ukiipata, itumie bila wasiwasi.

Bronzi ya alumini ni ngumu mno. Inapendeza kama dhahabu na haishikwi na chumvi kwa urahisi, ila itakumalizia tupa na kekee. Mimi naitumia kwa kitako cha mpini tu, pale mtu anapotaka uzito nyuma.

Ipo pia inayoitwa bronzi ya manganizi, na hii inawapoteza wengi. Jina ni bronzi, mwili ni shaba ya njano: zinki yake inakaribia asilimia 40.

Naipata wapi Unguja au Pemba?

Fimbo mpya huagizwa Dar es Salaam, na mimi siku hizi naagiza hivyo, kwa sababu najua ninachokipata. Kwa anayeanza, vyuma chakavu vinatosha. Tafuta bushi za pampu na mashine, valvu kuukuu za maji ya bahari, na skrubu nene za boti za kitalii zinazovunjwa. Rafadha za mashine ndogo za kufunga nyuma ya boti usizisumbukie, ni alumini. Zile kubwa za zamani, za mashine ya ndani, nyingi ni hiyo bronzi ya manganizi niliyoisema, au bronzi ya alumini yenye nikeli.

Muuzaji muulize imetoka wapi. Kama hana jibu, iache. Valvu ikiibwa kwenye boti ya mtu, boti inaweza kuzama. Na vifaa vya shaba vya milango na masanduku ya kale ya Mji Mkongwe visiguswe kabisa. Mji ule umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na msumari mmoja uking'olewa mlangoni haurudi.

Nitajuaje kama nilichouziwa ni bronzi kweli?

Anza na sumaku. Ikivuta kwa nguvu, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, kirudishe.

Kisha piga tupa pahala pamoja mpaka uone metali mpya, uiweke juani kando ya shaba unayoijua. Shaba tupu ina wekundu wa nyama. Shaba ya njano ina njano ya limau iliyoiva. Bronzi ya bati inakaa katikati, na kadiri bati linavyozidi ndivyo wekundu unavyopungua: kwenye asilimia 5 bado ni nyekundu, kwenye 10 inakuwa ya dhahabu, na ikipita 20, kama kwenye kengele, inaanza kuwa nyeupe na inavunjika ukiigonga kwa nguvu.

Ukibaki na shaka, chukua kipande kidogo sana ukiyeyushe nje, upepo ukiwa mgongoni. Zinki inachemka kwa nyuzi 907, kwa hiyo shaba ya njano hutoa moshi mweupe mzito na kuacha unga mweupe kama chokaa. Bronzi ya bati huyeyuka kimya. Moshi ule usiuvute: unaleta homa ya usiku mmoja, baridi na kutetemeka kama malaria. Mimi iliwahi kunipata, na sikujua sababu mpaka fundi mzee wa kuchomelea aliponiuliza nilikuwa nikiyeyusha nini jioni ile.

Na jambo moja linaloumiza wengi: vile vijiti vya kuchomelea vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa kwa jina la bronzi, karibu vyote ni shaba ya njano, zinki kama asilimia 40. Vinafanya kazi yake ya kuunganisha vyuma vizuri sana. Ukivikata kuwa pini, umerudi kule kule kwenye pini ya pweza.

Kuna bronzi ya kuogopwa?

Zipo mbili. Ya kwanza ni yenye risasi. Bushi nyingi za mashine zimetiwa risasi ili ziteleze. Aina moja inayopatikana kila mahali ina bati asilimia 7 na risasi asilimia 7. Inakatika vizuri, inang'aa vizuri, na haifai kukaa kwenye kisu cha chakula. Ndimu na ukwaju vinaitoa risasi, na risasi mwilini haina kiwango kidogo kisichodhuru, hasa kwa mtoto. Dalili yake ni hii: ukiitoboa, hutoa vipande vifupi vinavyoruka, na ukiipasha moto mpaka iwe nyekundu kisha ukaigonga, inachanika. Basi bushi isiyojulikana iende kwenye kitasa au bawaba, isije mezani.

Ya pili ni shaba yenye berili. Hutumika kwenye spana na nyundo zisizotoa cheche, za meli za mafuta na maghala ya gesi. Vumbi lake linaharibu mapafu kwa ugonjwa usiopona. Ukiletewa spana ya rangi ya dhahabu, usiipige tupa, usiipige msasa.

Kwenye kisu, bronzi inakaa wapi?

Noleo, pini, kikinga vidole kwa kisu cha kudungia kwa ncha, na kitako cha mpini. Ubapa hapana. Bronzi haiwi ngumu kwa kuzamishwa kwenye maji kama chuma, na makali yake hayakai.

Naitoboaje ili ikae sawasawa begani, bila uwazi?

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ninapotambua kisu cha fundi.

Nachukua kipande cha unene wa milimita 8. Msuka wangu tuseme una upana wa milimita 12 na unene wa 4. Natia alama katikati, natoboa matundu matatu mfululizo kwa kekee ya milimita 3.5, yakiwa karibu kugusana. Bronzi ina tabia ya kuidaka kekee na kuivuta chini ghafla, ikatupa kipande mkononi. Kwa hiyo kifunge kwenye jiriwa, kile kibanio cha mezani, na ncha ya kekee uipunguze makali kidogo kwa kijiwe, ili ikwangue badala ya kuchimba. Endesha polepole, na mafuta kidogo. Ukiiacha izunguke bila kula, bronzi ya fosforasi inakazana, yaani inazidi kuwa ngumu, pale pale, na hapo utaua kekee mbili kabla ya kupenya.

Matundu matatu yakishaunganishwa kwa tupa nyembamba ya sonara, linakuwa tundu refu, bado dogo kuliko msuka. Sasa nawasha kibatari. Naupitisha msuka na bega juu ya ulimi wa moto mpaka vipate masizi meusi, laini, kila upande. Nauingiza msuka ndani ya noleo kwa mkono mpaka ukwame, nautoa. Masizi yamebaki kwenye bronzi pale tu panapogusana. Napiga tupa pale peke yake, mara mbili tatu, kisha naurudisha kibatarini. Masizi, kuingiza, kutoa, tupa. Hufika mara ishirini, na hufika mara arubaini. Anayejaribu kuyamaliza kwa mara tano ndiye anayejaza uwazi kwa gundi baadaye.

Ukibakia umbali wa milimita moja na nusu kufika begani, acha tupa. Pasha noleo mpaka tone la maji lirukeruke juu yake. Bronzi hutanuka kuzidi chuma, na tundu linafunguka kwa kadiri ya unywele. Vika msuka kipande cha bomba la maji, ugonge bomba kwa nyundo nyepesi mpaka sauti ibadilike. Sauti ikiwa butu maana yake bado lina nafasi. Ikiwa kali na fupi limefika. Likishapoa, limeubana msuka. Lishike mbele ya dirisha ulitazame kwa upande wa ubapa. Ukiona hata uzi wa mwanga, litoe uanze tena.

Nilehemu au nitie gundi?

Kwa kisu kitakachoingia baharini, lehemu. Tumia lehemu ya bati yenye fedha kidogo, kama asilimia 4, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 221. Ile ya zamani ya mafundi redio ina risasi, iache. Funga ubapa kwa kitambaa kilicholoa maji, pasha noleo kwa chini, acha metali yenyewe iyeyushe lehemu; ukiyeyusha lehemu kwa moto moja kwa moja itaganda juu juu tu. Mimi hufua springi za gari na hulegeza ugumu kwenye nyuzi 200 hivi, kwa hiyo joto la lehemu likizidi au likikaa muda mrefu, makali yanalainika. Rangi ya manjano hafifu ikianza kutambaa kuelekea makali, ondoa moto mara moja. Mwisho osha dawa ya kulehemia kwa maji ya moto yenye magadi ya kupikia, zaidi ya mara moja, maana ikibaki itaendelea kula chuma ndani ya mpini.

Kwa kisu cha jikoni gundi ya epoksi inatosha, alimradi metali imekwanguliwa kwa msasa na kufutwa asetoni, na vidole havikuigusa tena.

Kisu changu kina noleo la bronzi na kimeota kutu chini yake. Bronzi imekula chuma?

Ndiyo, kwa namna fulani, na ni lazima fundi alijue hili kabla ya kuchukua pesa ya mtu.

Metali mbili mbalimbali zikigusana ndani ya maji ya chumvi zinafanya kazi kama betri. Ile dhaifu hujitoa, ile yenye nguvu hukaa salama. Kati ya chuma na bronzi, chuma ndicho dhaifu. Kwa hiyo noleo lako linabaki zuri huku bega na msuka vinaliwa. Shaba ya njano inafanya vivyo hivyo, kuirudia hakutakusaidia. Chuma kisichoshika kutu kinaelewana na bronzi vizuri zaidi, lakini si kila mmoja ana uwezo wa kukipata au kukifua.

Miaka ya mwanzo nilimfulia mvuvi mmoja wa Nungwi kisu kirefu cha kupasulia. Noleo nililibana vizuri kwa macho, gundi nikatia nyuma tu, upande wa mpini, kwa sababu mbele nilitaka mstari safi usio na alama. Alikitumia msimu mmoja wa kaskazi. Akarudi nacho akisema, "Fundi, kinacheza." Nikagonga pini, nikachomoa noleo. Bronzi ilikuwa kama siku niliyoifunga. Msuka, uliokuwa na upana wa milimita 12, pale begani ulibaki kama njiti ya kiberiti, mweusi, umechimbikachimbika, na ndani ya tundu mlikuwa na uji wa kutu na chumvi. Kingekatika mkononi mwake, juu ya maji, na samaki mzito upande wa pili. Nilimfulia kingine bure, na tangu siku hiyo sitoi kisu bila jaribio lifuatalo.

Kabla ya kutia mpini, paka chaki upande wa nyuma wa noleo, kuzunguka msuka wote. Simamisha kisu, dondoshea mafuta ya taa upande wa mbele, kwenye mstari wa kiungo. Ngoja nusu saa. Mafuta ya taa hupenya pasipopenya maji, na chaki itaonyesha doa palipo na njia. Doa hata dogo kama punje ya ulezi, kiungo kinavuja, na lehemu irudiwe. Ukiridhika, futa mafuta yote kwa asetoni, yasije yakaizuia gundi ya mpini.

Msuka wote, hata usioonekana, uzame ndani ya epoksi. Pasiwe na chuma kitupu kinachopumua ndani ya mpini.

Pini yangu inapasuka kichwa nikiigonga.

Imekazana. Bronzi kila ikipigwa inazidi kuwa ngumu, na mwisho inachanika. Ipashe mpaka iwe nyekundu hafifu, ile inayoonekana kivulini lakini haionekani juani, kisha iache ipoe au izamishe majini. Kwa pini hizi yote sawa, itakuwa laini. Hapo ni kinyume cha chuma, na vijana wanaotoka kwenye ufuaji wa visu hupata taabu kuliamini. Tundu la mpini lipanue mdomo kidogo pande zote mbili, acha pini itokeze milimita moja na nusu, gonga kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo kuzunguka ukingo. Katikati ya pini usiipige.

Mpini wa mti gani unaelewana na bronzi?

Mpingo, kwa sura, hauna mpinzani. Unatoka bara, Lindi na Mtwara, na una mafuta yake ya asili yanayokataa gundi, kwa hiyo uufute asetoni kabla ya kutia epoksi. Mkarafuu uliozeeka ukianguka shambani, usiache uwe kuni wote. Ni mgumu, rangi yake ya kahawia inaishika bronzi vizuri, na ni mti wetu. Nimeletewa magogo mazuri kutoka Wete. Mfenesi una njano inayopendeza siku ya kwanza, ila ni laini kwa kisu cha kazi.

Mti wowote ule, uuache ukauke mwaka mzima na uone misimu yote. Mpini uliosawazishwa na noleo wakati wa kaskazi, masika ikifika unavimba na kulipita noleo. Uliosawazishwa katika masika unanywea, na ukingo wa bronzi unakuwa kama makali chini ya kidole. Metali haisogei, mti unasogea. Mimi humalizia msasa wa mwisho kwenye siku kavu, na nabakiza mti juu ya noleo kwa unene wa karatasi.

Naweza kuisubu, yaani kuiyeyusha na kuimimina, mwenyewe nyumbani?

Unaweza. Bronzi ya bati asilimia 10 inayeyuka kufikia nyuzi 1,000, wakati shaba tupu inahitaji 1,085, na mkaa wa vifuu vya nazi wenye upepo wa kutosha unafika huko. Chora noleo kwa nta ya nyuki, lizungushie udongo, pasha mpaka nta itoke, mimina.

Lakini sikiliza neno la kalibu, yaani huo udongo unaomiminia. Udongo wetu hapa hauwi mkavu kwa kuangaliwa. Hewa yenyewe ina maji. Unyevu mdogo ukikutana na bronzi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuitupa metali usoni. Kalibu ikae kwenye moto mpaka iwe nyekundu yenyewe, sakafu iwe ya mchanga mkavu na si saruji, miguu iwe na viatu vya ngozi, na watoto wawe mbali. Mimi nasubu vitako vya mpini tu. Noleo nalikata kwenye fimbo, kwa sababu kitundu cha hewa ndani ya bronzi iliyosubiwa vibaya ndiyo njia mpya ya maji.

Noleo limekuwa la kijani. Ni sumu?

Ile kijani ni kutu ya shaba. Isiingie kwenye chakula, inatapisha. Haina maana kisu kimeharibika.

Bibi zetu walishatatua hili kwenye sinia na midila: ukwaju uliolowekwa, chumvi kidogo, kitambaa. Asidi ya ukwaju inaitoa kutu na kuacha metali iking'aa. Ila sinia halina ubapa wa chuma. Kwenye kisu, paka kwenye bronzi peke yake kwa ncha ya kitambaa, dakika moja, suuza kwa maji baridi mengi, kausha papo hapo, paka mafuta ya nazi au nta kwenye noleo na ubapa. Ukikilaza kisu kwenye bakuli la ukwaju usiku kucha, asubuhi utakuta bronzi nzuri na ubapa mweusi.

Mimi nataka iwe nyeusi nyeusi, kama ya kale.

Chemsha yai mpaka liwe gumu, likate, kiini kiweke pamoja na noleo lililosafishwa mafuta ndani ya mfuko uliofungwa, visigusane. Kwa saa chache hadi siku moja mvuke wa kiberiti wa yai unaipa bronzi hudhurungi nzito. Ukiridhika, suuza, paka nta. Fanya kabla ya kufunga mpini.

Ala ya ngozi inafaa?

Ya kuvalia, ndiyo. Ya kuhifadhia, hapana. Ngozi hubeba asidi ya dawa za kuitengenezea, na hunywa unyevu. Noleo likilala humo mwezi mzima wa masika litatoka na ute wa kijani, na ala itachafuka isitoke doa. Nyumbani kitundike mahali penye hewa.

Kisu cha kuchinjia chenye bronzi kina tatizo lolote kisheria ya dini?

Wachinjaji wangu wameuliza kwa masheikh wao na wanavitumia. Kinachoangaliwa ni makali yanayotiririsha damu upesi bila kumtesa mnyama, na kinachokatazwa ni jino na kucha. Noleo haligusi shingo. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, si mfua visu. Langu ni kuwaomba Idi isiwakute na kisu butu: kileteni wiki moja kabla.

Wazee wa pwani walitumia bronzi kwenye visu?

Bapa zao zilikuwa za chuma. Sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Sahara iliingia kwenye chuma bila kupitia zama za bronzi, na pwani ni hivyo hivyo. Ila kusubu metali za shaba walikujua vizuri: ipo siwa ya Lamu, pembe kubwa ya kupulizwa, iliyosubiwa kwa kalibu ya nta, na yupo simba mdogo wa bronzi aliyefukuliwa Shanga, kisiwani Pate. Pete ya shaba mdomoni mwa mpini ni desturi ya zamani, na ndiyo maana ina jina lake.

Kisu cha marehemu baba kina noleo la shaba ya njano, limeanza kulegea. Nilibadilishe liwe la bronzi?

Swali hili nimeletewa mara nyingi kuliko yote, na mara nyingi kisu kimefungwa kwenye kanga. Jibu langu ni usilibadilishe kama bado lina mwili. Likwangue kidogo ukingoni kwa ncha ya msumari. Likitoa unga wa waridi, limekwisha, na hapo nitakukatia jipya la bronzi kwa kipimo cha lile. Likiwa gumu na njano, kinachohitajika ni kulitoa, kusafisha msuka, kulehemu upya na kurudisha mpini ule ule. Usiupige msasa mpini kabla ya kuniletea. Ule mbonyeo ulio upande mmoja ni wa kidole gumba chake.